Si Jini, ni Jeni: Mtoto Asiyetulia na Ubongo Wake

Kwa muda wa miaka mitatu mwanangu wa pili alikuwa akichapwa mahali patatu: skuli, madrasa na nyumbani. Nyumbani aliyekuwa akimchapa ni mimi. Naanza na hilo ili msomaji ajue mapema kwamba anayeandika hapa si daktari, wala si mzazi wa kupigiwa mfano. Ni mtu aliyekosea kwa muda mrefu, akaeleweshwa, kisha akaenda kusoma zaidi kwa sababu hakuamini aliyoambiwa.

Mtoto ana miaka 9 sasa. Tangu alipojua kusimama hakujua kukaa. Ukimtuma dukani sukari, atarudi na uzi wa tiara. Sukari kaisahau, na chenji haijulikani ilipo. Daftari zake za skuli zilikuwa na mistari mitatu ya hati nzuri, halafu picha ya pikipiki, halafu ukurasa mtupu. Madrasa, ustadhi alimweka mbele, akamweka nyuma, akamweka peke yake karibu na mlango, na kote huko alikuwa akigeuka kutazama nani anapita. Na si kwamba hana akili. Ukikaa naye wawili tu, sura fupi anaihifadhi kwa jioni moja. Akiwa na wenziwe thelathini, ni kama mtu anayesikiliza redio iliyo baina ya stesheni mbili.

Aliyelaumiwa zaidi ni mamake. Majirani walisema amemdekeza. Mwalimu alisema, kwa upole unaouma, kwamba malezi ya nyumbani yaangaliwe. Shangazi yangu mmoja alikata shauri kwamba mtoto ana jini, tena jini wa baharini, kwa sababu akiwa ufuoni hutulia. Tukaenda tukasomewa, mtoto akanyweshwa kombe siku saba. Sina ugomvi na kisomo, na mwanangu husomewa mpaka leo kabla ya kulala. Ugomvi wangu ni na ile dhana kwamba tukishasema jini tumemaliza kazi, na lililobaki ni fimbo.

Aliyenifumbua macho ni mamangu. Usiku mmoja nilikuwa nimemshika mtoto mkono, mkono wangu wa pili una mshipi, kwa kosa la kupoteza viatu vya skuli, jozi ya tatu mwaka ule. Mamangu akatoka chumbani kwake taratibu, akakaa, akasema: "Mwache mwanangu. Huyo unayempiga si yeye, ni weye. Umri huu babako alikuwa akikufunga mguu kwa kanga kwenye tendegu la kitanda upate kumaliza kusoma. Na viatu vyako tulivitafuta mpaka tukachoka."

Nilikuwa nimeyasahau yote. Au niseme kweli, nilikuwa nimeyazika.

Wiki ile ile tukaenda hospitali. Daktari alimwangalia mtoto macho na masikio, akataka damu yake ipimwe kuona kama ana upungufu. Akauliza kama huduwaa ghafla kwa sekunde chache asisikie akiitwa, maana iko aina ya kifafa inayokuja hivyo, na mwalimu akadhani mtoto anaota mchana. Akauliza analala saa ngapi, kama anakoroma, kama nyumbani kuna msiba au ugomvi. Yote hayo humfanya mtoto aonekane hatulii. Alipoyaondoa moja moja ndipo akatupa karatasi za maswali, moja yetu na moja ya mwalimu wa skuli. Mimi nikaomba ya tatu nimpelekee ustadhi.

Hali yenyewe madaktari huiita kwa herufi nne, ADHD. Kwa Kiswahili twaweza kusema ni upungufu wa makini pamoja na utukutu na papara zilizopita kiasi. Wengine wana la kwanza tu, wengine la pili, wengine yote. Haipimwi kwa damu wala kwa picha ya kichwa. Hupimwa kwa historia. Kuna orodha ya dalili 9 za kukosa makini na nyingine 9 za utukutu na papara. Mtoto awe na 6 au zaidi katika orodha moja, ziwe zimedumu miezi 6, zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zinamharibia masomo yake au mahusiano yake na watu, na zionekane mahali pasipopungua pawili. Sharti hilo la mwisho nalipenda. Mtoto anayesumbua skuli pekee, pengine tatizo ni skuli. Anayesumbua nyumbani pekee, pengine tatizo ni sisi. Wangu zilirudi karatasi tatu kutoka kwa watu watatu wasiojuana, na zilikuwa kama zimeandikwa kwa kalamu moja.

Tafiti za nchi mbalimbali zikikusanywa pamoja hukadiria watoto 5 hivi katika kila 100. Wavulana hutambuliwa zaidi kwa sababu wao hupanda juu ya meza. Msichana mwenye hali hii mara nyingi hukaa kimya akitazama dirishani, hasumbui mtu, akaitwa mzito, akamaliza skuli akijiona mjinga. Wazazi wa mabinti wasiisome makala hii kama haiwahusu.

Nilipokuwa mbishi nilikuwa nikisema barazani kwamba huu ni ugonjwa uliobuniwa na makampuni ya dawa. Basi nikakuta kwamba daktari Mskochi Alexander Crichton aliandika juu ya watu wasioweza kushikilia jambo moja akilini mwaka 1798, wakati hakuna kidonge chochote cha kuuzwa. Mwaka 1902, jijini London, George Still aliwaeleza madaktari wenziwe habari za watoto wenye akili timamu lakini wasioweza kujizuia, na baadhi yao walitoka katika nyumba zenye malezi mazuri.

Sasa twende kwenye lile alilolisema mamangu bila kusoma kitabu. Kiswahili kimetufanyia mzaha: baina ya jini na jeni pana irabu moja tu. Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya kila seli ya mwili, nusu umepewa na mama na nusu na baba, yanayouelekeza mwili namna ya kujijenga, ubongo ukiwemo. Mtu atajuaje kama utukutu umeletwa na jeni au na malezi, na hali mzazi yule yule ndiye aliyekupa vyote viwili? Wataalamu huenda kwa mapacha. Wako mapacha wa yai moja, ambao jeni zao ni karibu sawa kabisa, na wako wa mayai mawili, ambao wanashirikiana nusu ya jeni kama ndugu wowote. Wote wanakulia nyumba moja, chungu kimoja, fimbo moja. Lau ADHD ingekuwa ni malezi tu, mapacha wa aina zote mbili wangefanana sawasawa. Lakini wa yai moja hufanana zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Mwaka 2019 Stephen Faraone na Henrik Larsson walizipitia tafiti 37 za mapacha, wakapata kwamba kwa wastani asilimia 74 ya tofauti baina ya watoto katika jambo hili hutokana na kurithi. Hiyo inakaribia kurithi urefu wa kimo.

Tahadhari: asilimia 74 haina maana kwamba robo tatu ya utukutu wa mwanao ni wako na robo ni ya dunia. Ni hesabu ya watu wengi kwa pamoja, si ya mtoto mmoja. Wala haina maana kwamba mzazi mwenye hali hii lazima azae mwenye hali hii. Mwanangu mkubwa ametulia kama mzee wa mtaa. Anachosema mtaalamu ni kwamba palipo na mmoja, uwezekano wa ndugu au mzazi kuwa nayo huwa mkubwa mara kadhaa kuliko kwa watu wengine.

Na hakuna jeni moja ya utukutu ambayo siku moja itang'olewa kama jino. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa nchi nyingi, Ditte Demontis wa Denmark akiwa mbele, lilichunguza watu zaidi ya 20,000 wenye ADHD na zaidi ya 35,000 wasio nayo, likapata sehemu 12 katika maandishi ya kurithi ambako makundi haya mawili yanatofautiana. Mwaka 2023 likarudi na watu zaidi ya 38,000 wenye hali hiyo, na sehemu zikawa 27. Kila moja peke yake uzito wake ni kama punje ya mchanga. Nyingi kati ya tofauti hizo ndogondogo tunazo sisi sote. Wengine wamekusanya zaidi, na zikijumlishwa ndipo mizani inapolala. Kwa hivyo ukimwona mtu anakuuzia mtandaoni kipimo cha mate kitakachokwambia kama mtoto ana ADHD, shika mfuko wako.

Walio wengi mno katika hesabu hizo ni watu wa asili ya Ulaya, na hilo ni pengo. Hapa kwetu Kilifi, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust pamoja na Chuo Kikuu cha Cape Town wako katika mradi uitwao NeuroDev, unaokusanya jeni za watoto wa Kiafrika wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, usonji ukiwa mojawapo, pamoja na za wazazi wao. Nilifurahi kujua kwamba safari hii na damu ya Mijikenda imo katika daftari.

Kuna habari moja ya Kenya ambayo nimeisimulia mara nyingi mpaka mke wangu kachoka nayo. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenziwe walichapisha uchunguzi wao juu ya Waariaal, wafugaji wa kaskazini mwa nchi. Walitazama jeni iitwayo DRD4, inayohusika na namna ubongo unavyoipokea dopamini, na toleo lake moja ambalo limetajwa mara nyingi pamoja na ADHD. Kwa wanaume wanaohamahama na mifugo, wenye toleo hilo walikuwa na afya nzuri ya mwili kuliko wenzao. Kwa ndugu zao waliokwisha kutulia vijijini, mambo yalikuwa kinyume: wenye toleo hilo ndio waliokonda. Ni uchunguzi mmoja, wa wanaume peke yao, kwa hivyo tusijenge ghorofa juu yake. Lakini hunifanya nimtazame mwanangu ufuoni, anavyomwona kaa kabla yetu sote, nikajiuliza kama tatizo ni yeye au ni dawati.

Tuje kwenye ubongo. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayotuzuia kusema kila linalotujia, inayotukumbusha tulitumwa nini, na inayotuambia subiri. Mwaka 2007, huko Marekani, Philip Shaw na wenziwe katika taasisi ya taifa ya afya ya akili walichapisha matokeo ya kuwapiga watoto picha za ubongo kwa miaka mingi: 223 wenye ADHD na 223 wasio nayo. Gamba la ubongo hunenepa utotoni, likafika upeo, kisha likaanza kupungua kadiri linavyokomaa. Kwa watoto wasio na ADHD, nusu ya sehemu zilizopimwa zilifika upeo karibu na umri wa miaka 7 na nusu. Kwa wenye ADHD ilikuwa karibu na miaka 10 na nusu. Utaratibu wa kukomaa ulikuwa ule ule, ila umechelewa kiasi cha miaka mitatu, hasa huko mbele. Sehemu moja tu iliwahi kidogo, ile inayoamrisha viungo vya mwili vitembee. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Breki imechelewa na miguu imewahi: huyo ni mwanangu hasa.

Fikiri maana yake kwa darasa la tatu. Umemketisha mtoto wa miaka 9, na ile sehemu ya kujizuia ni kama ya mtoto wa miaka 6. Unampiga ili atende kama wa 9. Kupiga hakukomazi gamba la ubongo.

Mwaka 2017 timu nyingine iliyoongozwa na Martine Hoogman ilikusanya picha za watu zaidi ya 1,700 wenye ADHD, ikakuta sehemu kadhaa za ndani ya ubongo ni ndogo kidogo kwa wastani, hasa kwa watoto. Nasema kidogo na nasema kwa wastani. Huwezi kuitazama picha ya mtoto mmoja ukasema huyu anayo, huyu hana.

Halafu kuna dopamini. Seli za ubongo hazigusani. Baina ya moja na nyingine pana mwanya, na ujumbe hauvuki mpaka upate chombo. Fikiria Likoni. Watu wamejaa ng'ambo hii, wanangojewa ng'ambo ile, na feri ndiyo inayovusha. Dopamini ni mojawapo ya feri hizo, na njia inazozihudumia ni za hamu, za kuona faida ya kungoja, na za kushikilia kazi isiyo na ladha. Seli inayoitoa dopamini ina pampu ya kuirudisha ilikotoka baada ya kuvusha. Wataalamu wengi wanaeleza kwamba kwa mwenye ADHD huduma hii haiendi sawasawa, ni kama feri inarudishwa kabla abiria hawajamaliza kushuka. Si dopamini peke yake, lakini ndiyo iliyochunguzwa zaidi.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali lililokuwa likinikera kuliko yote: mbona akipewa gemu la simu anakaa masaa mawili bila kupepesa? Nilikuwa nikilitumia swali hilo kama ushahidi kwamba anafanya makusudi. Gemu hulipa papo kwa papo, kila sekunde lina king'ora na nyota. Hesabu za kugawanya hulipa mwisho wa muhula. Mtoto huyu hakosi makini kabisa. Anachokosa ni usukani wa kuyapeleka makini yake mahali pasipo na malipo ya hapo hapo. Na fimbo itakayokuja jioni ni malipo ya mbali vile vile.

Kurithi si hadithi nzima. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo ana hatari zaidi. Pwani yetu ina mambo yake pia. Watafiti wa Kilifi wameonyesha kwa miaka mingi kwamba malaria kali iliyopanda kichwani huwaachia baadhi ya watoto udhaifu wa kumbukumbu, lugha na makini. Na risasi, namaanisha madini ya risasi, inajulikana kuharibu ubongo wa mtoto na kumpunguzia makini hata kwa kiasi kidogo. Wakazi wa Owino Uhuru hapa Mombasa waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya risasi hiyo. Ukiwa umelea mtoto maeneo kama hayo, mwambie daktari, usingoje akuulize. Ama sukari, ambayo kina bibi wameipa lawama kubwa, tafiti zilizowapa watoto sukari na tamutamu isiyo sukari bila wazazi kujua ipi ni ipi zimekuta hakuna tofauti katika utukutu. Inaharibu meno, hilo halina mjadala.

Sasa dawa, na hapa najua nitapoteza baadhi ya wasomaji.

Ilianza kwa bahati. Mwaka 1937, katika jimbo la Rhode Island huko Marekani, daktari Charles Bradley aliwapa watoto 30 wenye matatizo ya tabia dawa ya amfetamini akitumai itawapunguzia maumivu ya kichwa. Vichwa havikupona sana, lakini karibu nusu yao walianza kufanya vizuri darasani kwa ghafla, kwa dawa inayojulikana kwa kuchangamsha. Mwaka 1944 Leandro Panizzon, mkemia wa kampuni ya Ciba kule Uswisi, alitengeneza methilifenideti. Jina la biashara, Ritalin, lilitokana na jina la mkewe, Rita. Kazi yake ni kuzizuia zile pampu, ili feri ikae gatini mpaka abiria washuke.

Mwezi Mei 2024, kaunti ya Mombasa ilipotangaza kupiga marufuku muguka, barazani kwetu hakukuzungumzwa kingine. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliounga mkono kwa sauti kubwa. Rafiki yangu mmoja akanigeukia mbele ya watu: "Na weye je, si unampa mwanao muguka wa hospitali?" Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani na donge.

Lakini hakuwa amekosea sana. Kathinoni iliyomo katika muguka na miraa ni jamaa ya amfetamini, na zote hugusa dopamini. Tofauti iko katika kipimo na mwendo. Kidonge kina miligramu zinazojulikana, zimeanzwa chini kabisa na kupandishwa polepole kwa kumtazama mtoto. Huingia damuni taratibu, hufanya kazi masaa machache kisha hutoka. Hakileti ile raha ya kupanda ghafla ambayo ndiyo inayomrudisha mtu kwa muuzaji. Kikivunjwa na kutumiwa vibaya, kinaweza, na ndiyo sababu dawa hii hutolewa kwa cheti maalumu na mimi nyumbani nimeifungia. Tafiti zilizowafuata watoto mpaka ukubwani hazikuonyesha kwamba waliotibiwa huingia katika ulevi zaidi ya wasiotibiwa. Aliye katika hatari zaidi ya vijana wengine ni mwenye ADHD mwenyewe, atibiwe asitibiwe, na sote twawajua vijana wa mtaani waliofukuzwa skuli kwa utundu, na tunajua wanakaa wapi sasa na wanatafuna nini.

Ina madhara. Mwanangu hamu ya chakula cha mchana ilikatika. Siku hizi tunampa mahamri na mbaazi ashibe kabla ya kidonge, na usiku anakula kama anayelipa deni. Dawa ikichelewa kunywewa usingizi hauji. Wengine huumwa tumbo au kichwa, au huwa wakali jioni inapotoka mwilini. Urefu unaweza kuchelewa kidogo, kwa hivyo mtoto hupimwa kimo na uzito kila baada ya miezi kadhaa, na mapigo ya moyo vile vile. Kama kwenu kuna aliyefariki ghafla kijana kwa ugonjwa wa moyo, liseme hilo kabla hujaandikiwa. Asiyeweza dawa hizi zipo za aina nyingine, kama atomoksitini, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu zake.

Na kidonge si kila kitu. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1999 uliwagawa watoto 579 wa miaka 7 hadi 9 katika makundi manne: dawa iliyosimamiwa kwa makini, mafunzo ya tabia kwa wazazi, watoto na walimu, yote mawili pamoja, na matibabu ya kawaida ya mtaani. Baada ya miezi 14, dawa iliyosimamiwa vizuri ilipunguza dalili zaidi ya mafunzo peke yake. Waliopata yote mawili walipatana zaidi na wazazi, na walihitaji dozi ndogo. Miaka mitatu baada ya kuanza, tofauti baina ya makundi zilikuwa zimefutika. Nasema hili waziwazi kwa sababu wapo wanaodhani dawa ni kama chanjo. Ni kama miwani: ukiivua, macho ni yale yale. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, kinachoanza ni mafunzo ya wazazi, si kidonge.

Mafunzo hayo niliyaona ya kitoto mpaka nilipoyajaribu. Amri moja kwa wakati mmoja, karibu naye, macho yakimtazama, si kupiga kelele kutoka jikoni "oga, vaa, chukua mkoba." Sifa papo hapo akifanya, hata jambo dogo, kwa sababu ya kesho hayasikii. Kosa dogo lipite. Kosa kubwa lina adhabu fupi inayojulikana mapema, kama kukosa mpira jioni hiyo. Hesabu kumi, kisha akimbie mpaka mwembeni na kurudi, kisha kumi nyingine. Viatu vina msumari wao mlangoni, na mwezi wa pili nilipigilia msumari mwingine kwa ajili ya funguo zangu.

Ustadhi, Mungu amjazi, ndiye aliyenishangaza. Baada ya kuijaza ile karatasi alimfanya mtoto kuwa mwenye kuteka maji. Kila baada ya ukurasa huinuka, huwapa wenziwe maji, hurudi chini. Skuli imekuwa kazi zaidi. Fimbo katika skuli za Kenya ilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini tangazo ni moja na mwalimu mwenye wanafunzi 70 ni jambo jingine, nami simlaumu sana kuliko ninavyojilaumu. Kilichosaidia ni barua kutoka kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu, kile kinachoitwa EARC, ambacho kipo katika kaunti zetu na wazazi wengi hawajui. Mwalimu alipoona karatasi yenye muhuri alimhamisha mtoto akae mbele, mbali na dirisha.

Bado hupoteza vitu. Muhula uliopita alishika nafasi ya 19 kutoka 41, na mamake alilia kwenye matatu. Majirani hawajamwomba radhi, wala sidhani watamwomba.

Mwezi ujao tuna miadi ya kupimwa kimo na uzito. Mamangu amesema safari hii atafuatana nasi, ana maswali yake kwa daktari, na la kwanza linanihusu mimi.